Miaka Mia ya Miradi na Mtu Anayejua Mlango: Historia Fupi ya Afya ya Makartie ya Bujumbura

Ndugu na dada wa kikundi, zamu yangu ya kuandika imefika. Nyote mnajua mjadala uliopo kati yetu. Je, tuanzishe mradi wetu wa afya kwa wakimbizi wa hapa Bujumbura, wenye jina letu na fulana zetu, au tuingie kwenye kazi ambayo tayari inafanyika kwenye makartie tunamokaa? Kila mtu ametoa maoni, wengine kwa hasira kidogo, na hasira hiyo ina sababu zake.

Mimi naona kabla ya kupiga kura tuangalie nyuma. Mji huu umeona miradi ya afya kwa zaidi ya miaka mia moja. Ilikuja ya Wajerumani, ya Wabelgiji, ya serikali, ya mashirika, ya makanisa na ya misikiti. Kuna iliyookoa watu na kuna iliyobaki kibao kando ya barabara. Katika safari hii tubebe swali moja tu: kati ya daktari aliye mbali na mama aliye nyumbani, nani alikuwa anajua mlango wa huyo mama? Na huyo mtu alipewa nafasi gani?

Malale na wapapasa shingo

Tuanze na ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huu uliua watu wengi sana kando ya Ziwa Victoria, halafu ukaonekana pia kando ya Tanganyika. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alifika visiwa vya Sese, Uganda, akajaribu dawa inayoitwa atoksili. Baada ya hapo serikali ya Kijerumani ilifungua kambi za matibabu kando ya maziwa, pamoja na huku kwetu Imbo, kwenye ufuo wa Tanganyika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dalili moja ya malale ni tezi za shingoni kuvimba. Kwa hiyo walichukuliwa wasaidizi Waafrika, wakafundishwa kupapasa shingo za watu, wakazunguka vijijini kutafuta wagonjwa. Aliyeonekana na tezi alipelekwa kambini, akadungwa sindano. Upande mwingine, wenyeji waliamrishwa kupitia machifu wao kukata vichaka vya ufuoni ili mbung'o wakose pa kukaa. Kuna sehemu watu waliondolewa kabisa karibu na maji.

Ukitazama kwa karatasi, mpango huo ulikuwa mzuri: dawa, uchunguzi na mazingira kwa pamoja. Hata leo wataalamu wangeusifia. Lakini atoksili ilikuwa na sumu ya aseniki, na baadhi ya waliodungwa walipofuka. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Imbo. Anakuja kijana anayekujua, anapapasa shingo yako, halafu unachukuliwa. Jirani yako alirudi haoni. Wewe ungefanya nini? Ungejificha, si ndiyo? Na wengi walijificha.

Hapo ndipo somo letu la kwanza lilipo. Yule kijana alijua mlango, lakini alikuwa mikono ya daktari tu. Hakuna aliyemuuliza watu wanaogopa nini. Habari zilitoka juu kwenda chini, zikafika, lakini hazikurudi juu. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wabelgiji wakaingia mwaka 1916, kambi zikaishia hapo.

Usumbura: mkono unaopima mtoto na mkono unaoandika kodi

Wabelgiji waliufanya Usumbura kuwa mji mkuu wa Ruanda-Urundi, na wakaupanga kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa Rohero, Waasia walikuwa na eneo lao, na Waafrika waliwekwa Buyenzi na kartie iliyoitwa Belge, ambayo leo ni Bwiza. Miaka ya 1950 likaja shirika la kujenga nyumba za Waafrika, OCAF, likajenga Ngagara. Hadi leo ukipanda basi na kusema “OCAF”, wazee wanajua unakwenda wapi.

Buyenzi ni muhimu kwetu. Ilikuwa kartie ya Waswahili: wafanyabiashara, mafundi, wavuvi, watu wenye asili ya Manyema na sehemu nyingine za ng'ambo ya ziwa, wengi wao Waislamu. Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili kimeletwa Bujumbura na wakimbizi wa juzi, mwambie kwa upole akaulize umri wa avenyu za Buyenzi. Watu kutoka ng'ambo ya ziwa wamo katika mji huu tangu haujaitwa Bujumbura.

Mwaka 1946 ulianzishwa mradi uliowahusu akina mama, ulioitwa Foyer Social. Wanawake wa mjini walifundishwa kushona, kupika, kuosha na kulisha mtoto, na kutunza nyumba “ya kisasa”. Walimu walikuwa masista na wanawake wa Kizungu, na hawakuishia darasani: walitembelea nyumba za wanafunzi wao kuona kama mafundisho yanafuatwa. Kuna akina mama waliopenda. Cherehani ilikuwa cherehani, na mtoto msafi ni furaha ya mama yeyote.

Lakini katika miaka hiyo hiyo serikali ile ile ilitoza kodi ya kipekee kwa wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa wanaishi bila mume. Mwanamke wa namna hiyo aliwekwa kwenye daftari moja na malaya, hata kama ni mjane aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuuza sokoni. Wanawake Waislamu wa Buyenzi, wajane na waliopewa talaka, walikataa. Katika miaka ya 1950 walipinga kodi ile kwa sauti, na jambo hilo likawa kubwa kiasi cha kuingia kwenye majalada ya wakoloni.

Unaona tatizo? Mgeni mmoja anabisha hodi aone mtoto kalishwa nini. Mgeni mwingine, wa serikali hiyo hiyo, anabisha hodi aone kama ndani kuna mume. Mama ataufungulia mkono upi? Kazi ya afya ya nyumba kwa nyumba inaishi kwa imani. Ukiichanganya na kazi ya kukagua, kutoza au kuripoti watu, mlango unafungwa. Wakimbizi tunalielewa hili haraka kuliko watu wote, maana kila mmoja wetu amewahi kuulizwa karatasi na mtu aliyesema amekuja kusaidia.

Alma-Ata, Bamako na kamati ya kartie

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ukawa Bujumbura. Hospitali kubwa zilikuwa mjini, na waliokaa karibu nazo ndio waliofaidi zaidi.

Halafu mwezi Septemba 1978, kule Alma-Ata, kwenye Kazakhstan ya leo, nchi za dunia zilikutana na kutoa tamko la afya ya msingi. Wazo lilikuwa rahisi: afya isianzie hospitali kubwa, ianzie pale mtu anapoishi. Maji safi, chakula, chanjo, mama na mtoto, dawa za lazima, na wananchi wenyewe washiriki kupanga. Mwaka 1984 Burundi ilianzisha kadi ya matibabu kwa familia zisizo na bima ya kazini, ili wasilipe gharama yote wenyewe.

Mwaka 1987 likaja azimio la Bamako, nchini Mali. Mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana kwamba vituo viuze dawa kwa bei ndogo, pesa ibaki kituoni, na wananchi wachague kamati ya kuisimamia. Kwa Burundi, kamati hiyo ndiyo hii inayojulikana kama KOSA, kamati ya afya ya kituo, yenye watu waliochaguliwa kutoka milimani au kwenye makartie yanayohudumiwa na kituo.

Tuseme ukweli: kamati hii ilizaliwa na ndugu yake pacha, ambaye ni malipo. Wananchi walipewa kiti mezani, na wakati huo huo wakapewa bili. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja, na baadaye bili ilikua haraka kuliko kiti.

Vita: kartie zikawa visiwa

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, nchi ikaingia vitani. Bujumbura iligawanyika kartie kwa kartie. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Bwiza na Buyenzi zilibaki na mchanganyiko kwa muda, lakini mwezi Machi 1995 nazo zilishambuliwa, na maelfu ya watu, Wahutu na Wazairwa, walikimbilia Uvira. Ndiyo, safari ile ilikuwa ya kwenda upande wetu. Mwaka uliofuata vita ilipofika Kivu, watu wakarudi wakikimbia kuja huku. Ziwa limetuona tukipishana.

Vita ilifanya nini kwenye afya? Hospitali ilikuwepo ile ile, lakini njia ya kwenda huko ilipita kartie ambayo huwezi kupita. Mtu wa Kamenge mwenye mtoto mwenye homa aliangalia upande wa Ngagara na kuhesabu hatari. Umbali haukuwa tena wa kilometa. Katika hali hiyo kila kartie ilibaki na kile ilichokuwa nacho ndani: muuguzi anayekaa jirani, duka la dawa, parokia, msikiti, bibi anayejua kuzalisha.

Hata hivyo kuna waliokataa visiwa. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichofunguliwa na mapadri Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiliendelea kuwakutanisha vijana wa makartie ya kaskazini ambao wazazi wao hawakuweza kusalimiana. Na mwaka 1993, mwaka ule ule wa balaa, mama mmoja aitwaye Jeanne Gapiya-Niyonzima alianzisha na wenzake chama cha ANSS cha kusaidia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Alikuwa Mrundi wa kwanza kusema hadharani kwamba ana virusi, na alisema kanisani, mbele ya watu. Kituo chao Bujumbura kinaitwa Turiho, yaani tupo.

Fikiria uzito wa hilo. Nchi nzima inauliza wewe ni kabila gani, na huyu mama anakusanya watu kwa ugonjwa wao, bila kuangalia kabila. Virusi havikuuliza kartie, kwa hiyo wagonjwa nao wakaacha kuulizana. Chama hicho kilianzishwa na mtu aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, aliyejua nani anajificha na kwa nini. Miaka mingi baada ya wapapasa shingo wa Imbo, hapa habari zilianzia chini kwenda juu.

Bili, halafu bure, halafu kuhesabu

Mwaka 2002, vita ikiwa bado haijaisha, serikali ilianzisha malipo ya gharama kamili kwenye vituo vingi. Maana yake mgonjwa alipe dawa, kipimo, kitanda, kila kitu. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya uchunguzi wakatoa ripoti mwaka 2004 iliyoonyesha watu wakiuza mavuno na mifugo au wakikopa ili watibiwe, na wengine wakikaa nyumbani tu. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch na APRODH la hapa Burundi walitoa ripoti ya jambo la aibu zaidi: wagonjwa waliopona, pamoja na akina mama waliojifungua, walizuiliwa hospitalini kwa sababu hawakumaliza bili.

Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Akina mama walikuja, tena wengi sana. Vituo vilijaa, dawa zikaisha, waganga wakachoka, na pesa ya kurudishia vituo ilichelewa. Uamuzi ulikuwa mwema, lakini waliotakiwa kuutekeleza hawakuwa wamejiandaa.

Suluhisho lilikuja polepole. Kuanzia mwaka 2006 mikoa michache ilijaribu mpango wa kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika: chanjo ngapi, uzazi wangapi, wagonjwa wangapi, na ubora wake. Mwezi Aprili 2010 mpango huo ulienea nchi nzima na kuunganishwa na matibabu bure. Lakini ukimlipa mtu kwa idadi, si ataandika idadi? Ndiyo maana kuna sehemu moja ya mpango huu ninayoipenda kuliko zote. Vyama vidogo vya wenyeji vilipewa kazi ya kuchukua majina kutoka kwenye daftari la kituo na kwenda kuyatafuta nyumbani. Je, mtu huyu yupo? Alitibiwa kweli? Alilipa ngapi? Alipokelewaje?

Kwa mara ya kwanza katika historia tuliyoipitia, mtu anayejua mlango alitumwa kumkagua mganga. Zamani, kule Imbo na kwenye Foyer Social, aliyekaguliwa alikuwa mama.

Sabuni, kipindupindu na mpox

Tuje kwenye miaka ambayo sisi wenyewe tumeishi.

Mwaka 2020 korona ilipofika, rais mpya, Évariste Ndayishimiye, aliita ugonjwa huo adui mkubwa, na mwezi Julai ikaanza kampeni kwa Kirundi: Ndakira, sinandura kandi sinanduza abandi. Yaani napona, siambukizwi, wala siambukizi wengine. Vipimo vilifanyika bure, na bei ya sabuni ya buluu ilipunguzwa nusu. Ni jambo dogo, lakini liangalie vizuri. Kumwambia mama anawe mikono ni ujumbe tu. Ukimwambia anawe mikono na wakati huo huo ukamshushia bei ya sabuni dukani, hapo umempangia. Waliotoa ujumbe na waliopanga bei walivuta kamba upande mmoja.

Tarehe 1 Januari 2023 wizara ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, katika wilaya ya afya ya Bujumbura Kaskazini na ile jirani ya Isare. Kipindupindu ni ugonjwa unaotuonyesha pale kazi zilipokatika. Dawa ya kuongeza maji mwilini ni rahisi na inajulikana. Lakini ugonjwa unaanzia kwenye bomba lililokauka, choo kilichojaa, mtaro ulioziba. Kituo cha afya hakina funguo za bomba, mwenye bomba hana daftari la wagonjwa, na mtaro unangoja kazi za Jumamosi. Kila mmoja akifanya sehemu yake bila kumwambia mwenzake, mgonjwa anapona Jumatatu na kunywa maji yale yale Jumanne. Wakaao kaskazini wanakumbuka pia mvua ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 60. Maji ya mvua, takataka, nyumba na ugonjwa: kwa mwenye kartie ni jambo moja. Maofisini ni milango minne.

Halafu tarehe 25 Julai 2024 ukatangazwa ugonjwa wa mpox, na Bujumbura Kaskazini ikawa kati ya sehemu zilizoguswa zaidi. Hapa kazi kubwa ilikuwa kujua nani amekaa na nani, amelala kitanda gani, amebeba mtoto wa nani. Daktari wa wilaya hawezi kujua hayo. Wanaojua ni abaremeshakiyago, hawa wahudumu wa afya wa jamii ambao kila kartie inao. Ni majirani zetu, wamechaguliwa na wenzao, wamepangwa kwenye vikundi, na malipo yao ni madogo sana ukilinganisha na kazi. Pamoja nao kuna wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, waliosambaa mlima kwa mlima na kartie kwa kartie.

Nchi imebadilisha mipaka mara nyingi. Komine 13 za Bujumbura zilifanywa tatu: Mukaza, Muha na Ntahangwa. Mwaka 2025 mikoa yote ya nchi ikapunguzwa kutoka 18 hadi mitano. Mihuri inabadilika, ofisi zinahama. Lakini mama wa avenyu yako hajahama, na anayejua mlango wake ni yule yule.

Basi, na sisi?

Turudi kwenye mjadala wetu. Wanaotaka mradi wetu wenyewe wana hoja nzito, tusiwapuuze. Wanasema mkimbizi akikaa mjini haonekani kama yule wa kambini Bwagiriza au Kavumu. Wanasema mama aliyekuja juzi kutoka Kivu hajui Kirundi wala Kifaransa, akifika kituoni anaonyesha tumbo kwa kidole. Wanasema kwenye kamati ya afya hatuna mtu. Na tangu mapema mwaka 2025, makumi ya maelfu ya watu wetu walipovuka, mambo yamekuwa mazito zaidi. Yote hayo ni kweli.

Lakini historia hii inanifundisha kwamba Bujumbura haijawahi kukosa miradi. Ilichokosa mara nyingi ni mtu wa kuiunganisha, na hata alipokuwepo hakusikilizwa. Tukiongeza mradi mwingine wenye daftari lake, siku yake ya mkutano na orodha yake ya wagonjwa, tutakuwa mlango wa tano. Mama mmoja ataulizwa maswali yale yale na watu wawili wenye fulana tofauti. Tena kuna jambo la kuogopesha zaidi: huduma ya wakimbizi peke yao, kwenye kartie ambayo jirani Mrundi naye hana dawa, inazaa maneno. Makartie haya yanajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Kipindupindu nacho hakisomi kitambulisho. Maji ya mkimbizi na ya mwenyeji yanatoka bomba moja.

Kwa hiyo mimi nitapiga kura ya kuingia, na ninaomba tuingie kwa masharti, siyo kama wapapasa shingo. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, kila kartie tunamokaa, Buyenzi, Bwiza, Kinama, Kamenge na kwingine, watu wawili wetu waende kwa mkuu wa kituo cha afya na kwa shefu wa kartie. Waulize kamati inakutana lini, na abaremeshakiyago wa eneo ni akina nani. Waende na salamu kwanza, maombi baadaye.

La pili, tutengeneze orodha ya kazi ambazo tayari zipo: nani anapima watoto uzito, nani anagawa sabuni, nani anazibua mtaro, siku gani. Orodha hiyo tuwape wote, tusiifungie kwenye simu zetu. Najua haina picha nzuri ya kuweka ukurasani, lakini inaweza kusaidia kuliko fulana 50.

La tatu, tutoe kile tulichonacho sisi: lugha. Kati yetu kuna wanaosema Kiswahili, Kifulero, Kibembe, Kinyamulenge, Kifaransa, na wengi sasa wanasema Kirundi. Mkalimani mmoja kituoni asubuhi ya siku ya chanjo ni huduma ya afya kamili. Lakini siri ya mgonjwa ibaki siri. Tukisikia la mtu, tulimeze. Tusije tukawa wale wa kodi ya Buyenzi.

La nne, tuombe kiti. Ikiwa kamati inahudumia eneo ambalo wakimbizi wanakaa, sauti ya mkimbizi iwemo, hata kama mwanzoni ni ya kusikiliza tu. Na tukiona huduma mbaya, tuseme mezani pale pale, kwa heshima, kama wale wenyeji waliobeba majina ya daftari nyumba kwa nyumba.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi wanausoma msemo huu kama wa kuchekesha, kwamba mgeni akija mwenyeji naye anakula vizuri. Mimi ninausoma kama mpango wa kazi. Tumekuja. Basi na tuone kama kweli kuna mtu atapona kwa sababu tumekuja.

Andikeni maoni hapa chini, hasa mnaokataa. Na kabla ya kura, naomba kila mmoja ajibu swali moja kwanza: kwenye kartie yako, mremeshakiyago wa eneo lako anaitwa nani? Msiandike jina lake hapa, ni mtu wa watu. Semeni tu kama mnalijua au hamlijui. Majibu hayo yatatuonyesha kazi yetu inaanzia wapi.